Jina la Kitabu cha Refa

Simu ilikatika, lakini binti wa Refa alibaki ameishikilia sikioni, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba ulikuwa utani. Haukuwa utani. Sauti ile nzito, yenye upole wa kumtoa mtu jasho, ilikuwa imesema maneno machache tu.

"Mwambie mzee nakuja kesho asubuhi. Nimekiona kitabu changu dirishani."

Kitabu changu. Hakuwahi kuzungumza na mtu yule, lakini hakuhitaji kuuliza ni nani. Mtaa mzima ulimwita Daktari, na si kwa kuwa aliwahi kumponya mtu. Enzi za ukumbi wa puli, mtu akibishana naye mezani alikuwa anamwambia, "Wewe unaumwa, njoo nikutibu," kisha anaigeuza ile fimbo ya kuchezea na kuishika upande mwembamba, ule mnene ukabaki juu. Siku hizi alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na malori, watu wakimsalimia kwa mikono miwili. Hata hivyo, rika la baba yake walikuwa bado wanapunguza sauti wanapomtaja.

Na kitabu hakikuwa chake. Kilikuwa cha Refa.

Refa alikuwa ameusimamia ukumbi ule karibu maisha yake yote ya kazi. Kilikuwa chumba kirefu cha mabati nyuma ya gereji, chenye meza tatu na taa zilizoning'inia chini kiasi kwamba mtu mrefu alicheza ameinama hata pasipo haja. Yeye ndiye aliyefungua mlango, akapiga brashi vitambaa vya kijani, akapanga mipira na kuamua ugomvi. Ndiyo maana wakampa jina hilo. Ukumbi ulipofungwa, na mikono yake ikaanza kutetemeka hadi chai ikawa inamwagika kabla haijafika mdomoni, akaanza kusimulia. Binti yake, aliyekuwa amemaliza chuo na bado anatafuta kazi, akawa anachapa. Alichapa kwa mapenzi. Aliamini, kwa ule moyo wake mwepesi ambao mama yake aliuita ugonjwa, kwamba makanika na wapaka rangi na wauza mitumba waliocheza pale walistahili kuwekwa kitabuni kama watu wengine wowote.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kitabu kilikuwa hakijapata jina. Alipokipeleka kwa mchapaji ili aone kurasa zitakaaje, faili lake kwenye kompyuta lilikuwa bado linaitwa kwa sura aliyokuwa akiisahihisha siku ile: Daktari. Mchapaji, mtu mchangamfu asiyependa kukaa bure, hakuuliza. Alitengeneza jalada la mfano, herufi nyekundu kubwa, DAKTARI, na chini yake picha ya meza ya puli. Kisha, kwa kuwa lilimpendeza, akalibandika kwenye dirisha la duka ili wapita njia waone kazi yake. Binti alikuwa ameliona juzi. Akaomba litolewe, akaambiwa litatolewa jina la kweli likipatikana. Hakumwambia mtu nyumbani. Alidhani hakuna wa kulitilia maanani.

Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule.

"Nani huyo aliyekupigia mpaka uso umekubadilika hivyo?"

"Daktari. Anakuja kesho."

Cherehani ikanyamaza. Mama akautoa mguu kwenye pedali taratibu, kama mtu aliyekanyaga kitu kwenye giza.

"Anakuja kufanya nini?"

Binti akaeleza yote, faili, jalada, dirisha. Mama alimsikiliza ameshika mkasi mkononi bila kujua kama ameushika.

"Mimi nilimwambia baba yako," alisema mwishowe. "Nilimwambia, mume wangu, kama lazima uandike, andika kitabu cha kufuga kuku. Nani amewahi kupigwa kwa sababu ya kuku?"

"Mama, usicheke."

"Nani anacheka? Unaniona nacheka?"

Refa aliingia kutoka barazani na redio yake ndogo. Walimwambia, kwa kuwa haikuwezekana kutomwambia. Akaizima redio.

"Basi kesho kitabu kipate jina," alisema. "Tumekaa mno bila jina. Nyumba ikikaa bila mwenyewe, kila mtu anaingia."

Wiki nzima walikuwa wamevutana juu ya jina hilo. Mama alikuwa amependekeza *Miaka Iliyopotea*, Refa akajibu kwamba ilipotea kwa mama tu, yeye mwenyewe alikuwa anaiona vizuri. Binti alipendekeza *Mwanga Juu ya Kijani*, na baba yake akamwuliza kama wanauza kitabu au mapazia. Siku zile walicheka. Leo hakuna aliyetaja jina lolote. Walikula, na Refa akalala mapema kuliko kawaida yake.

Asubuhi, wazazi wake wakiwa bado chumbani, binti aliichukua ile bahasha ya kurasa zilizochapwa akatoa sura ya saba.

Alikuwa ameichapa mara nyingi hadi aliijua kama anavyoijua namba yake ya simu. Ilihusu chaki. Kwenye ukumbi wa Refa, mtu akitaka kucheza hakupiga kelele wala hakusukuma mtu. Alichukua kipande chake cha chaki, ile ya bluu ya kupaka ncha ya fimbo, akakiweka kwenye ukingo wa meza. Chaki ikishakaa pale, mwenyewe anaweza kwenda kukojoa, kula, hata kusinzia. Zamu ni yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa chaki ya mwenzake, awe mkubwa namna gani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pekee ya ukumbi, na Refa aliiandika kwa fahari. Kisha akaandika siku ilipovunjwa. Kijana mmoja mpaka rangi za magari, mpole, ambaye wote walimwita Fundi Rangi, aliweka chaki yake meza ya katikati. Daktari akaja baadaye akataka aiondoe. Fundi Rangi hakuiondoa.

Sura ya saba ilisema kilichofuata bila kuficha.

Binti alizikunja zile kurasa, akazisukuma chini kabisa ya kapu la vitambaa kando ya cherehani, akaweka juu yake sare ambazo hazijatiwa vifungo. Alijiambia hamdanganyi mtu. Anamlinda mzee. Mtu mwenye mikono isiyoweza kushika kikombe atajikingaje?

Daktari alikuja peke yake, na hilo lilimtisha zaidi kuliko kama angekuja na watu. Alivua kofia mlangoni. Alikuwa na mfuko wa machungwa.

"Hodi wenyewe! Refa wangu! Shemeji! Na huyu ndiye mwandishi? Njoo mwanangu, nipe mkono."

Binti akampa mkono. Ulimezwa wote ndani ya kiganja kinene, chenye joto. Alijikaza asiutoe mapema.

Daktari aliketi kwenye kiti cha Refa pasipo kuelekezwa, na kiti kikalia. Refa akaketi kwenye stuli mkabala naye, meza ndogo ya chai ikiwa katikati yao. Mama alisimama karibu na cherehani. Mkasi ulikuwa tena mkononi.

"Nilikuwa napita na lori," Daktari alianza, "namwambia dereva, simama, simama, rudi nyuma. Nikashuka nikaangalia. Daktari! Herufi hizi hapa! Nikasema Refa hajanisahau. Watu wote wamesahau ule ukumbi, Refa hajasahau. Unajua nilifanya nini? Jioni niliwachukua wajukuu, nikawapeleka pale dirishani. Nikawaambia, mnamwona babu yenu?"

Alicheka, na kicheko kilijaza chumba. Hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Sasa sikilizeni. Jina ni zuri, ila ni fupi. Mimi nasema, *Ukumbi wa Daktari*. Hapo mtu anajua ni wapi na ni nani. Uchapaji nitaulipia mimi, wote, msitoe hata senti. Shemeji, acha kushona, pumzika. Au nimesema vibaya?"

"Hujasema vibaya," alisema mama, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Refa?"

Refa alikuwa anayaangalia machungwa. "Nasikia," alisema.

"Mzee umekuwa bubu? Haya. Kabla hatujapeana mikono, mwanangu, nisomee kidogo. Nisomee pale nilipo."

Binti alifungua bahasha, akapekua haraka, akaupata ukurasa wa sura ya tatu: ile siku Daktari alipopoteza kiatu alichokiweka dau akicheza na fundi viatu, akarudi nyumbani na kiatu kimoja, akimwambia kila aliyemcheka kwamba cha pili kiko kwa fundi. Akasoma. Sauti ilimpanda na kushuka, lakini maneno yalikuwa ya kuchekesha yenyewe, na Daktari akajipiga paja.

"Kweli! Kweli kabisa! Kiko kwa fundi! Ha! Huyu mtoto ana kipaji, Refa. Endelea."

Inawezekana, binti aliwaza. Inawezekana kabisa. Nitasoma za kuchekesha, atacheka, ataondoka, na baada ya hapo tutaona.

"Hapana, mama," Refa alisema. Alimwita binti yake mama tangu alipozaliwa. "Hiyo tuiache. Msomee ya saba."

Binti alipekua kurasa alizojua kwamba hazimo. Alipekua mbele, akarudi nyuma.

"Baba, ya saba... haijakaa sawa. Bado naisahihisha."

Hakuweza kumtazama usoni. Alipoinua macho, aliona baba yake anamtazama yeye, kisha kapu la vitambaa, kisha yeye tena. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyemwona mwanawe mdogo amejificha nyuma ya pazia na miguu iko nje. Hakusema kitu mbele ya mgeni.

Badala yake aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, na mkono huo ulichukua muda mrefu kutoka. Ulipotoka, vidole vilikuwa vimeshika kipande cha chaki ya bluu, kilicholika pembe moja, kilichofifia kwa uzee. Akaupeleka mkono hadi kwenye ukingo wa meza ya chai. Ulitetemeka, chaki ikagonga ubao mara kadhaa, tk, tk, tk, kabla haijatulia. Refa akauondoa mkono. Chaki ikabaki imesimama.

Kicheko cha Daktari kilikuwa bado kimebaki usoni, lakini hakikuwa na mtu ndani yake tena.

"Hiyo nini?"

"Unaijua," alisema Refa.

Binti aliiona mishipa ya shingo ya mgeni. Aliona jinsi umbali kati ya kile kiganja kinene na zile nywele za mvi za baba yake ulivyokuwa mdogo, upana wa meza ya chai tu, na jinsi mlango ulivyokuwa mbali. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha. Alitaka kuuliza kama mgeni anakunywa chai. Lakini mzee wake, asiyeweza kujifunga kifungo, alikuwa ameweka chaki mezani, na hakukuwa na mtu mwingine wa kusoma.

Aliinuka. Alipita mbele ya mama yake, akapiga magoti kwenye kapu, akatoa sare, akatoa vitambaa, akazitoa zile kurasa zilizokunjika. Mama alisogeza mguu wake kumpisha.

Akarudi akaketi. Akasoma.

"'Siku hiyo Fundi Rangi aliweka chaki yake meza ya katikati, akaenda kunawa mikono. Daktari akaja akasema meza ni yake. Fundi Rangi alipotoka kunawa hakubishana. Alisema tu, chaki yangu ile pale. Daktari akageuza fimbo. Mkono wa kulia wa Fundi Rangi ulikuwa umeegemea ukingo wa meza. Nilisikia kabla sijaona: vidole vinne vilivunjika. Mimi ndiye niliyemfunga mkono kwa kitambaa cha kufutia mipira.'"

Sauti ilikuwa inakatika, akaacha ikatike.

"'Fundi Rangi hakurudi tena kucheza. Chaki yake sikuiondoa. Meza ya katikati haikuchezewa tena hadi siku tulipofunga ukumbi. Wageni waliuliza kwa nini, wenyeji wakawaambia ina mtu. Kila siku niliifuta vumbi, nikapitisha kitambaa kando ya chaki. Daktari aliendelea kuja. Naye aliizunguka.'"

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo.

"Mimi niliizunguka?" Daktari aliuliza. Sauti ilikuwa imeshuka, na haikuwezekana kujua kama imeshuka kwa hasira.

"Uliizunguka," alisema Refa.

"Na wewe kwa nini hukuitoa? Ukumbi wako. Ulikuwa unapoteza meza nzima."

"Haikuwa yangu."

Daktari alijisogeza mbele, kiti kikalia tena. Kiganja chake kikaondoka kwenye paja, kikapita juu ya machungwa, kikaenda hadi juu ya chaki na kusimama hapo, karibu sana, vidole vimefunguka. Binti aliuona mkasi wa mama ukipanda kidogo, kidogo tu. Refa peke yake hakujitikisa, ukiondoa mikono, na mikono ilikuwa ikitikisika siku zote.

Kiganja kilibaki hewani. Kisha kikajifunga, kikarudi kwa mwenyewe.

"Yuko wapi yule bwana?"

"Anapaka rangi," alisema Refa. "Kwa mkono wa kushoto. Magari yanamsubiri foleni."

"Amesikia haya mliyoandika?"

Refa akamwachia binti yake ajibu.

"Nilimsomea," binti alisema. "Aliniambia nisitie chumvi. Nilikuwa nimeandika vidole vyote vilivunjika. Akasema, si vyote, kidole gumba kilipona. Nikasahihisha."

Daktari alimtazama kwa mara ya kwanza kama anamwona. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, ya mtu mzima asiyelala vizuri, na binti hakujua ayaogope au ayahurumie, akaona anafanya yote mawili kwa pamoja.

"Na jina?" Daktari aliuliza. "Niambie wewe mwandishi. Kitaitwaje?"

Hawakuwa wamekubaliana. Usiku kucha hakuna aliyelitaja jina. Angeweza kusema bado tunafikiria, na mtu akaondoka kwa amani. Alimtazama baba yake; baba alikuwa anaitazama chaki.

"*Chaki ya Fundi Rangi*," alisema.

Lilimtoka dogo, kama la mtoto anayejibu darasani bila uhakika. Lakini lilitoka, na hakulirudisha.

Refa alitikisa kichwa kukubali, polepole, mara moja, vile alivyokuwa akifanya ukumbini alipokuwa ameamua na hataki maswali.

Daktari alisimama. Kilikuwa kitendo kirefu, na katika urefu wake wote binti alikuwa akingoja. Alichukua kofia akaigeuza-geuza mikononi.

"Wajukuu nimeshawapeleka pale dirishani," alisema, kama anaongea na kofia. "Nitawaambia nini?"

Alikwenda mlangoni, akageuka.

"Mtaa huu mdogo, mwanangu. Tutaonana."

Akatoka. Walisikia hatua zake barazani, kisha uchochoroni, kisha hawakusikia kitu. Mama alikwenda akaupiga mlango komeo, asubuhi hiyo yenye jua kali, akaegemea mgongo wake hapo.

"Tutaonana ndiyo nini?" alinong'ona. "Ni salamu au ni nini?"

"Sijui," alisema Refa. "Mke wangu, weka huo mkasi chini kabla hujatutoboa sisi."

Mama akautazama mkasi kama anauona kwa mara ya kwanza. Akaanza kucheka, halafu akawa halii wala hacheki, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

Binti alikuwa ameshaishika simu. Alijua asipopiga sasa hivi, baada ya chai atapata sababu, na baada ya chakula cha mchana atapata nyingine nzuri zaidi. Mchapaji alipokea mara moja.

"Aisee, nilitaka kukupigia! Yule mzee mwenye malori amenipigia sasa hivi tu."

Simu ikawa nzito. "Alisema nini?"

"Ameuliza lile jalada nitalitoa lini dirishani. Nikamwambia nawasubiri nyinyi. Akakata. Kuna nini kwani? Mbona mimi sielewi?"

Binti alifumba macho. Angetoa chochote kuijua sauti ile ilikuwaje iliposema maneno hayo. Mchapaji hangeweza kumwambia, na hakuna mwingine aliyekuwa anajua.

"Litoe leo," alisema. "Jina limepatikana. Andika."

Akalitamka. Mara hii lilitoka zima. Mchapaji akalirudia, akauliza kama ana uhakika, maana akishatengeneza jalada jingine hatengenezi tena.

"Nina uhakika. Andika."

Alipokata simu, mama yake alikuwa ameshaleta kitambaa, anafuta meza ya chai alipokuwa ameketi mgeni. Aliyaondoa machungwa akayaweka sakafuni, asiyapeleke jikoni wala asiyatupe. Alifuta katikati, akafuta pembe. Alipofika ukingoni akapunguza mwendo, akapitisha kitambaa upande huu wa chaki, akainua mkono, akaendelea upande wa pili.